Fanesi inawaka sekunde tano afu inazima: ninunue sensa ya moto au bodi?

Swali: Fundi habari za kazi. Fanesi yangu ya gesi, hii mashine ya kupasha nyumba joto, inawaka vizuri, moto nauona kabisa kwenye kile kidirisha, afu baada ya sekunde kama tano hivi unakatika. Inajaribu tena, unakatika, ikishajaribu mara tatu nne inakaa kimya karibu lisaa zima, kitaa kwenye bodi (ile saketi inayoiongoza mashine) kinapepesa tu. Nikizima swichi nikawasha tena mchezo ni ule ule. Mtu mmoja kaniambia sensa ya moto imekufa ninunue mpya, mwingine anasema ni bodi. Sensa nimeichomoa nikaiangalia, ni safi tu, haina hata masizi. Sasa ninunue nini, na kubadilisha naweza mwenyewe?

Jibu: Nzuri ndugu yangu. Kwanza usinunue chochote, sio sensa wala bodi, mpaka umepima, maana hao wawili waliokushauri wote wanaweza kua wamepatia na wote wanaweza kua wamekosea, na kwa mda wote huo hamna aliyeweka mita ya kupimia umeme pale. Ila umenipa kitu kizuri sana kwenye swali lako, hizo sekunde tano. Mtu akiniambia tu fanesi inazima zima siwezi kumsaidia, lakini akiniambia inazima baada ya sekunde ngapi nusu ya kazi imeisha.

Iko hivi. Themostati (kile kifaa cha kupangia joto la nyumba) ikiita joto, kitu cha kwanza kuamka ni ile feni ndogo ya kutoa moshi, inazunguka mpaka swichi ya presha ikubali kwamba njia ya moshi iko wazi, hapo ndo kiwashio kinaanza kupata joto mpaka kinakua chekundu kama mkaa, inachukua sekunde kumi na tano, ishirini, thelathini, inategemea mashine. Kisha bodi inafungua valvu ya gesi, moto unashika. Kuanzia hapo bodi inahesabu sekunde chache, nyingi ni kati ya 3 na 7, inasubiri kuambiwa kwamba moto upo kweli. Isipoambiwa inafunga gesi, maana kwa akili yake gesi inamwagika ndani ya nyumba bila kuungua, na kama ingekua kweli ni hivyo ungeishukuru. Inajaribu tena mara kadhaa afu inajifungia, nyingi lisaa limoja, nyingine masaa matatu. Hicho ndo unachokiona wewe. Kwa hiyo kila kitu cha nyuma yake kinafanya kazi: feni ndogo nzima, swichi ya presha nzima, kiwashio kizima, valvu inafunguka. Kinachokosekana ni taarifa ya moto kufika kwenye bodi.

Ingekua inazima baada ya dakika kadhaa na feni kubwa inaendelea kupuliza hewa, ningekwambia achana na sensa kabisa angalia filta, mashine inazidi joto. Ingekua moto haushiki kabisa ningekwambia kiwashio au gesi. Na kile kitaa kinapepesa kwa maana, hesabu mapepeso afu angalia karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa fanesi, kila kampuni ina namba zake kwa hiyo usichukue namba za mashine ya jirani.

Sasa sensa yenyewe. Watu wengi wanadhani inapima joto, hapana. Zile fanesi za zamani zenye kamoto kadogo kanakowaka mda wote ndo zina kitu cha kupima joto, kale kabomba kembamba ka shaba kanakofungwa moja kwa moja kwenye valvu, ile ni habari nyingine kabisa na haya ninayoandika hapa hayaihusu. Ya kwako ni kijiti cha chuma tu kilichoshikwa na kauri, kina waya mmoja, basi, hamna kingine ndani yake. Bodi inapeleka umeme wa AC, ule unaoenda na kurudi, kwenye kile kijiti. Moto wa gesi unapitisha umeme kidogo, kwa hiyo umeme unatoka kwenye kijiti, unapita kwenye moto, unafika kwenye chuma cha kichomeo (pale gesi inapotokea na kuungua), unarudi kwenye bodi kwa njia ya athi (uungaji wa ardhini). Na kwa sababu kichomeo ni kikubwa kuliko kijiti, umeme unapita kwa urahisi upande mmoja kuliko mwingine, ule wa AC ukitoka pale unakua umeegemea upande mmoja, yani umegeuka kua kama DC kidogo. Bodi inatafuta hiyo DC tu. Ndo maana hata ujanja wa kuunganisha ule waya na chuma ili kuidanganya haufanyi kazi, bodi inaona AC inaenda na kurudi inajua hapa pana shoti sio moto. Na usijaribu kutafuta ujanja mwingine wa kuipita hii kitu, hicho ndo kinazuia gesi isijae ndani.

Kiasi cha huo umeme ni kidogo mno. Tunaongelea maikroampia, ampia moja ukiigawa mara milioni. Fanesi nyingi zikiwa na afya zinasoma kama 2 mpaka 6 hivi, na nyingi zinakata zikishuka chini ya 1 au hata nusu, namba kamili ya mashine yako iko kwenye kitabu chake au kwenye ile karatasi ya mlangoni. Kwa hiyo unaona, kitu chochote kidogo kikiingia kati, uchafu, kutu, waya uliolegea, athi mbovu, ishara imekufa.

Na hapa ndo lile neno lako la kwamba sensa ni safi linaponipa wasiwasi. Uchafu unaoua sensa mara nyingi sio masizi, masizi utayaona. Ni silika, ile ile inayotengeneza kioo. Vumbi la nyumba, vumbi la kupiga plasta na kukwangua kuta, mvuke wa dawa za kunyunyizia na baadhi ya sabuni na vilainisha nguo, vyote hivyo hewa yake ikivutwa kwenye moto vinaungua na kuacha tabaka jembamba kama kioo juu ya kijiti. Kioo hakipitishi umeme. Na kioo hicho huwezi kukiona kwa macho, kijiti kinaonekana kijivu cha kawaida tu, kinang'aa hata. Kama karibuni mlikua na ukarabati ndani, au fanesi iko chumba kimoja na mashine ya kufulia, mimi moja kwa moja naanza na hicho.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuisafisha hata kama inaonekana safi, haina gharama na mara nyingi kabisa tatizo linaishia hapo.

Kabla ya kugusa: zima umeme wa fanesi kwenye swichi yake au kwenye breka, usitegemee kuzima themostati peke yake. Funga koki ya gesi iliyo karibu na mashine, mkono wake ukikaa kukatiza bomba imefungwa. Subiri ipoe. Na kama unasikia harufu ya gesi hata kidogo, acha yote niliyoandika hapa, usiguse swichi yoyote, usiwashe usizime, toeni watu nje na piga simu ukiwa huko huko nje.

Sensa utaikuta upande wa pili wa vichomeo, mbali na kiwashio. Ni ile yenye waya mmoja na skrubu moja, kiwashio kina waya mbili. Wewe umeshaitoa kwa hiyo unaijua, ila nasema kwa sababu wapo wanaotoa kiwashio wakidhani ni sensa, na vile viwashio vingine ni vya kuvunjika kama chaki, na ukikigusa na vidole mafuta ya ngozi yanakiharibu, kwa hiyo unapokua mle ndani kaa nacho mbali. Na kuna mashine ambazo hazina sensa ya peke yake kabisa, zinazowasha kwa cheche, kile kijiti cha cheche ndo hicho hicho kinachosikiliza moto. Kama umeona umbo la namna hiyo mwambie fundi mapema.

Kusafisha tumia stilwulu laini kabisa au kile kitambaa kigumu cha kijani cha kusugulia vyombo, sugua kijiti chote kukizunguka, sio ncha tu, mpaka ukikishika kinakua laini bila kukwama. Msasa mimi siupendi. Wapo mafundi wazuri wanaoutumia na sensa inafanya kazi, nakubali, ila msasa mkali unaacha mikwaruzo na kwenye ile mikwaruzo uchafu unajishika haraka zaidi, afu misasa mingine ina chembe zake ambazo zenyewe ndo silika tunayoikimbia. Ukimaliza futa na kitambaa kikavu kisafi, usipake kitu, usinyunyizie dawa, na ukirudisha shika kwenye kauri usishike kijiti. Angalia pia kauri yenyewe kwa taa ya simu, ipitie yote kuizunguka, ufa mwembamba kama unywele unatosha kuvujisha umeme kwenye bati kabla haujafika kwenye moto. Na ule waya wake ufuate kuanzia kwenye sensa mpaka kwenye bodi, mara nyingine umekaa umegusa bati la moto umeungua, au kile kichwa cha waya kimelegea kikichomekwa kinacheza. Ukikuta kinacheza kibane kidogo na koleo.

Rudisha, washa umeme, fungua gesi, itisha joto. Ikiwaka na kuendelea, hongera. Lakini hata ikiendelea ningependa upime, maana inaweza kua inasoma 1.1 inaning'inia tu pale, wiki ijayo usiku inakata tena na wewe umeshasema imepona.

Mita. Hapa watu wengi wanapima kitu kisicho sahihi. Wanachomoa sensa, wanaweka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ncha moja kwenye kijiti nyingine kwenye pini ya waya, inasoma sifuri, wanasema sensa nzima. Kile kipimo kinakwambia tu kwamba chuma hakijakatika ndani ya kauri, na ncha kali ya mita inatoboa lile tabaka la kioo kwa hiyo hata sensa chafu inapita mtihani. Kinachofaa zaidi kwenye omu ni kati ya kijiti na lile bati lake la kufungia, pale panatakiwa pasiwe na kitu kabisa, mita ionyeshe wazi kama haijagusa. Ikisoma chochote pale, kauri imepasuka, hiyo sensa kweli nunua mpya bila mjadala.

Kipimo chenyewe ni maikroampia za DC na moto ukiwa unawaka. Zima umeme kwanza. Chomoa waya wa sensa, mita iwe kwenye DC maikroampia na waya mwekundu wa mita uwe kwenye tundu la ampia ndogo, lile lenye alama ya µA au mA, afu mita unaipachika katikati: upande mmoja kwenye waya unaotoka kwenye bodi, upande mwingine kwenye pini ya sensa. Tumia vibanio vya mamba, usishike kwa mikono, kwa sababu bodi ikianza ule waya una umeme wa kutosha kukurusha, kwenye mashine za volti 120 mara nyingi ni kati ya 80 na 120. Mlango wa fanesi una swichi, ukiufungua mashine inakufa, inabidi ile swichi ibonyezwe wakati unapima na usisahau kuiachia ukimaliza. Usiifunge na tepu ukaondoka, tafadhali, hiyo swichi ipo kwa ajili ya moshi usivutwe kuingia ndani. Washa, subiri moto, soma. Ikionyesha alama ya kutoa mbele ya namba usijali, umegeuza tu waya za mita. Mita zile ndogo zenye sehemu ya 200µ (hiyo µ ni maikro) zinatosha kabisa, ila kama yako inaanzia 2000µ itakuonyesha 2 au 3 tu bila nukta, na kwenye kazi hii hiyo nukta ndo yenyewe. Bodi nyingine zina vipini viwili vya kupimia kwa volti, kwenye hizo volti moja ni sawa na maikroampia moja, karatasi ya mlangoni itasema.

Sasa umesoma. Tuseme baada ya kusafisha unapata 3 au 4 na imetulia, haichezi, na moto unaendelea: kazi imeisha, hamna cha kununua. Tuseme inasoma 0.4 na umeisafisha vizuri, hapa ndo watu wanakimbilia duka, na mimi nasema subiri kwanza, maana sensa ni shahidi tu, kabla hujamfukuza shahidi angalia kama alichosema sio kweli.

Cha kwanza athi. Nimeeleza umeme unarudi kwa njia ya chuma cha kichomeo, kwa hiyo kichomeo kikiwa na kutu pale kinapokaa, au skrubu za athi za bodi zimelegea, sensa mpya kutoka kiwandani itasoma 0.4 ile ile. Zima umeme, pima omu kutoka chuma cha kichomeo mpaka pale athi ya bodi inapofungwa, inatakiwa iwe karibu na sifuri. Kama unataka uhakika chukua kipande cha waya, funga upande mmoja kwenye bati la vichomeo upande mwingine kwenye skrubu ya athi ya mashine, pima maikroampia tena. Zikiruka kutoka 0.4 kwenda 3 umeshampata mwizi, safisha kutu, kaza skrubu, na huo waya hata ukiuacha pale haudhuru.

Cha pili laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha) kugeuzwa. Hii inachekesha kwa sababu mashine nzima inafanya kazi, feni zinazunguka, kiwashio kinawaka, gesi inafunguka, ila moto hauonekani na bodi. Kama tatizo limeanza baada ya mtu wa umeme kupita, au fanesi kuhamishiwa soketi nyingine, angalia hapo kwanza kabla ya kitu chochote. Pima volti kutoka laini mpaka athi, upate volti zote za nyumba, na nyutro mpaka athi upate karibu sifuri. Ukipata kinyume, zimegeuzwa. Ndugu yake wa karibu ni jenereta. Yale majenereta madogo ya kubeba mengi nyutro yake haijaungwa na athi, inaelea, kwa hiyo umeme ukikatika mtu anawasha jenereta, fanesi inawaka sekunde tano inazima, anaamini jenereta imeua bodi, umeme ukirudi fanesi inapona yenyewe. Haikua imeumwa. Inveta nyingine nazo zina tabia hiyo hiyo.

Cha tatu, na hiki nakuomba ukae nacho, ni moto wenyewe. Umesema moto unauona kwenye kidirisha. Je ni moto wa vichomeo vyote au unaona wa kwanza tu? Sensa haikuwekwa mbali na kiwashio kwa bahati mbaya. Kiwashio kinawasha kichomeo cha kwanza, moto unatakiwa uruke kwenda cha pili, cha tatu, mpaka cha mwisho, na sensa iko kwenye cha mwisho makusudi ili ithibitishe kwamba vyote vimeshika. Zile njia nyembamba za kupitisha moto kati ya kichomeo na kichomeo zikiziba na kutu, au buibui akiweka nyumba (wanapenda sana humo), moto unafika katikati unaishia hapo. Wewe unaona moto, sensa haioni, na sensa ndo iko sahihi, gesi ya kile cha mwisho inatoka bila kuungua. Dalili yake ni moto kuchelewa kushika na kushika kwa kishindo, ule mlio wa buu! Ukiusikia huo zima, hiyo ni ya kufungua vichomeo na kusafisha, sio ya sensa. Angalia pia kijiti kiko ndani ya moto kweli, maana mtu akiwahi kukipinda wakati wa kukirudisha kinakaa pembeni moto unakilamba kidogo tu, kinatakiwa kifunikwe na moto vizuri na kisiguse chuma cha kichomeo hata kidogo. Moto uwe wa bluu umetulia. Ukiwa wa njano, mvivu, au unanyanyuka kutoka kwenye kichomeo, hayo ni mambo ya presha ya gesi na hewa, na presha ya gesi kuiweka sawa kunahitaji kifaa chake na mtu mwenye leseni.

Kuna moja zaidi ya kuangalia ingawa sekunde zako tano haziendani nayo. Feni kubwa huwa inaanza nusu dakika hivi baada ya moto kushika. Kama moto unakaa vizuri mpaka feni kubwa ianze, afu pale pale unaanza kuyumba na maikroampia zinaanguka, chuma kinachotenganisha moshi na hewa ya nyumba kinaweza kua kimepasuka, upepo unapenya. Zima, usiwashe tena, ita fundi, na kama nyumba haina king'ora cha kaboni monoksaidi hiyo ndo kitu ya kwanza kununua kabla hata hatujaongea habari ya sensa. Ile hewa haina harufu.

Turudi kwenye bodi, maana mwenzako mmoja aliitaja. Mimi bodi naiweka mwisho, na sio kwa sababu ya bei, ni kwa sababu inalaumiwa sana na ikibadilishwa bila kupima tatizo linabaki mtu anachanganyikiwa zaidi. Bodi naishuku kwenye hali mbili. Moja, maikroampia ziko vizuri, 3 au 4, zimetulia, na bado inakata baada ya sekunde tano: ishara inafika na bodi haiisikii. Mbili, ule waya ukiuchomoa kwenye sensa ukapima volti za AC kati yake na athi wakati moto unajaribu kushika hupati kitu, na waya wenyewe ni mzima: bodi haipeleki umeme. Na kuna kipimo cha kutenganisha bodi na valvu ambacho wengi hawakifanyi, weka mita kwenye vituo viwili vya valvu ya gesi, inatakiwa volti 24 moto ukiwaka. Moto ukikatika angalia zile 24. Zikiondoka pamoja na moto, bodi ndo imeamuru kukata. Zikibaki na moto umekufa, bodi haijahusika, valvu au gesi yenyewe ndo imekata, na hapo sensa ukibadilisha hata kumi hutapona.

Haya, tuseme umepita kote huko, athi nzuri, moto unafunika kijiti vizuri, waya mzima, umesafisha, na bado inasoma chini. Au kauri ina ufa, au kijiti kimeliwa kimekua chembamba kina mashimo mashimo. Hapo sensa nunua. Usiende na picha tu, nenda na namba ya modeli ya fanesi, iko kwenye kibati ndani ya mlango, maana sensa zinafanana sana ila zinatofautiana urefu, mkunjo, na pale kauri inapokaa kwenye bati. Zile za kufaa mashine zote zipo na zinafanya kazi, ila inabidi ulinganishe na ya zamani ukiziweka sambamba, na kama inahitaji kupindwa shika kijiti na koleo karibu na kauri afu pinda sehemu ya mbele ya koleo, ukipinda bila kushika hapo kauri inapasuka na umeanza upya na sensa mpya iliyokufa.

Kuifunga ni kazi ndogo kweli. Umeme umezimwa, gesi imefungwa, waya umechomoa kwa kushika kichwa chake sio kwa kuvuta waya, skrubu moja ya kichwa cha pembe sita, nyingi ni ya robo inchi. Piga picha kabla ya kutoa ili ujue kijiti kilielekea wapi. Ingiza mpya taratibu bila kugonga kauri kwenye bati, kaza mpaka ishike basi, usikaze kwa hasira, lile tundu ni la bati jembamba nyuzi zake zinaisha na kauri haipendi kubanwa. Rudisha waya, washa, pima maikroampia na hii mpya pia, maana mpya ikisoma chini kama ya zamani umejua moja kwa moja kwamba tatizo liko kwingine. Iache iwake izime yenyewe kwa themostati mizunguko kadhaa ukiwa upo, sio mzunguko mmoja ukaenda kulala.

Ile namba uliyopata iandike kwenye kipande cha tepu na tarehe, bandika ndani ya mlango. Mwaka ujao kabla ya baridi kuanza ukipima ukakuta imeshuka kutoka 4 kwenda 2 unaisafisha mchana kweupe kwa nafasi yako. Na ukiona kila baada ya miezi michache inashuka tena, sensa haina kosa, kuna kitu kwenye hewa inayovutwa na vichomeo, tafuta hicho, sabuni, dawa za kunyunyizia, vumbi la ujenzi, au vuta hewa kutoka nje kama mashine inaruhusu.

Swali lako la mwisho, unaweza mwenyewe? Kutoa, kusafisha, kubadilisha sensa na kuangalia waya, ndio unaweza, ulishaichomoa tayari. Ila kama fanesi bado iko kwenye garantii soma kwanza wanasema nini kuhusu kuguswa na mtu mwingine, na kama nyumba ni ya kupanga mwambie mwenye nyumba kabla. Vichomeo, presha ya gesi, valvu na ule mpasuko wa chuma kinachotenganisha moshi na hewa, hapana, hizo ni za mwenye leseni. Ukifika kumwita mpe vitu vitatu kwenye simu: mapepeso ya kitaa ni mangapi, sekunde ngapi kabla ya kukata, na maikroampia ulizosoma kabla na baada ya kusafisha. Ukipima nitumie hizo namba na mimi, na niambie kichomeo cha mwisho kinashika au hakishiki.